Kwa nini mtoto anayeuliza sana nyumbani hunyamaza darasani

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake mmoja aliingiza maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, kwa kuhofia kukosa nafasi, akaingiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia kwa nini maziwa ya moto yalitangulia kuganda. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Miaka ikapita, akafika Mkwawa, Iringa, akasubiri hadi walipofundishwa sheria ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu aliambiwa kuwa hiyo nayo ni hesabu ya Mpemba. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akamuuliza lilelile. Wenzake wakamlaumu kwamba amewaaibisha. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na leo wanafizikia duniani kote huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia kwenye ushindi wa kijana. Mimi nakaa zaidi kwenye yale majibu ya walimu. Wale wawili wa kwanza hawakuwa walimu wabovu. Walijibu sawasawa na vitabu vyao. Wala Osborne hakujua zaidi yao juu ya maziwa yale. Hata sasa wataalamu hawajakubaliana: mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Kilichomtofautisha Osborne ni kwamba alilipokea swali kama kitu cha kwenda kujaribiwa. Wale walimu wawili walilipokea kama kosa la kusahihishwa. Mpemba alikuwa na moyo mgumu, aliuliza mara tatu. Watoto wengi huuliza mara moja tu.

Swali la jinsi mwalimu anavyoweza kuamsha udadisi lina fundo hapo, kwa sababu mara nyingi linaulizwa kana kwamba mtoto huja shuleni akiwa mtupu na mwalimu ndiye wa kumtia hamu. Yeyote aliyeishi na mtoto wa miaka minne anajua sivyo. Kwa nini mwezi unatufuata? Kuku anakojoa wapi? Bibi alikuwa mdogo lini? Mwaka 1984 Barbara Tizard na Martin Hughes walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto wa kike wa umri huo nchini Uingereza, waliorekodiwa nyumbani na mama zao na kisha katika shule ya awali. Nyumbani mtoto aliuliza wastani wa maswali 26 kwa saa. Shuleni, mtoto yuleyule, maswali 2. Na walimu wale walikuwa wapole, darasa halikuwa na watoto 90, hakukuwa na fimbo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kuwasha udadisi, tujue nini huuzima.

Kinachouzima kwanza ni aibu, na aibu hujengwa katika muda mfupi sana. Mtoto anauliza, darasa linacheka, mwalimu anatabasamu kidogo. Imekwisha. Au mwalimu anasema "hilo tulishalisoma", au "usiruke mada", au lile ninalolisikia mara kwa mara, "wewe una kiherehere". Wanafunzi wengine arobaini waliokuwa na maswali yao wamesikia pia. Wamejifunza kwamba kuuliza kuna gharama, na hawatasahau hilo hata wakiyasahau mengine yote ya siku ile. Palipo na fimbo kwa jibu lisilo sahihi, gharama hiyo inakuwa ya mwili. Mtoto anayechapwa kwa kukosea hawezi kubahatisha, na asiyethubutu kubahatisha hana njia ya kuwa mdadisi. Siamini kwamba mbinu yoyote ya kuchochea udadisi inaweza kukaa chumba kimoja na fimbo.

Cha pili ni haraka. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika shule za msingi, na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokisikia: baada ya kuuliza swali, mwalimu husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kulijibu mwenyewe au kumgeukia mwingine. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Watoto ambao mwalimu aliwahesabu kuwa wazito nao wakaanza kuchangia. Sekunde tatu! Hazihitaji bajeti wala semina. Lakini jaribu uone zilivyo ndefu ukiwa umesimama mbele ya ubao na macho yote yanakutazama. Ni ukimya mgumu kuuvumilia, na ndiyo maana tunaujaza kwa "Mmeelewa?" na darasa linaitikia kwa pamoja "Ndiyooo, mwalimu!" ingawa hakuna anayejua kama ameelewa au la.

Pengo la kiasi

Wapo wanaodhani dawa ni kuacha kufundisha na kuwapa watoto uhuru wagundue wenyewe. Wapo wanaodhani dawa ni vichekesho, nyimbo na picha za rangi. Ufurahishaji una nafasi yake, ila mtoto anaweza kucheka kipindi kizima na asitoke na swali hata moja. Nao uhuru mtupu una shida yake.

Mwaka 1994 George Loewenstein, mtaalamu wa saikolojia na uchumi, alieleza udadisi kuwa ni hisia inayompata mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Maelezo hayo yanatatua mambo mengi. Asiyejua lolote juu ya jambo haoni pengo lolote, halimhusu. Anayedhani anajua yote naye haoni pengo. Udadisi unashika katikati, kwa mtu anayejua nusu. Ndiyo sababu swali "Nani ana swali kuhusu usanisinuru?" kwa watoto ambao ndiyo kwanza wamelisikia neno hilo huangukia kwenye kimya. Hawana pa kulishikia. Kwa hiyo kufundisha na kudadisi si maadui: lazima mtoto apewe kitu kwanza, ila kisiwe chote.

Jamii zetu zilijua kupima kiasi hicho zamani. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anayajua maneno yote: nyumba anaijua, mlango anaujua. Anachokosa ni kimoja tu, na hicho kinamwasha. Anabahatisha: kaburi? Chungu? Akishindwa kabisa anaambiwa "Nipe mji", naye anatoa Mombasa au Tabora ndipo apewe jibu: yai. Tazama mpangilio wake. Fumbo linatangulia, kubahatisha kunafuata, kukosea hakuleti aibu kwa sababu ni sehemu ya mchezo, na jibu halitolewi bure. Ukimwambia mtoto yuleyule moja kwa moja kwamba yai halina mlango, atakuangalia tu. Masomo yetu mengi hufundishwa hivyo, jibu kwanza, na swali huja siku ya mtihani.

Sayansi ya ubongo imeanza kuonyesha kwa nini mpangilio wa kitendawili una nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza watu wazima maswali ya maarifa, wakawaacha wasubiri jibu, na katika kusubiri wakawaonyesha sura za watu ambazo hazikuhusiana na swali. Watu walikumbuka vizuri zaidi majibu ya maswali waliyokuwa na shauku nayo, jambo linalotarajiwa, lakini pia walizikumbuka vizuri zaidi zile sura walizoonyeshwa wakiwa katika shauku hiyo. Hamu ikiamka, akili hushika na vilivyo pembeni yake. Na utafiti wa mwaka 2009 wa Nate Kornell na wenzake ulionyesha kwamba anayejaribu kujibu kwanza na kukosea, kisha akapewa jibu sahihi, hulikumbuka zaidi ya yule aliyepewa jibu tu alisome. Mwalimu anayeogopa kwamba udadisi utamlia muda wa mtihani na atafakari hilo.

Jaribio jingine linanigusa zaidi kwa sababu linaonyesha kufundisha vizuri kunavyoweza kufunga mlango. Elizabeth Bonawitz na wenzake, mwaka 2011, waliwapa watoto wa umri wa chekechea kidude cha kuchezea kilichokuwa na mambo manne ya siri: sauti, mwanga, muziki na kioo. Baadhi ya watoto walielekezwa na mtu mzima kwa makini: "Hiki hufanya hivi," akawaonyesha sauti tu. Wengine waliona mtu mzima akiigundua sauti kama kwa bahati. Wengine walianza kuelekezwa, mwelekezaji akakatizwa akaondoka. Walioelekezwa hadi mwisho walicheza muda mfupi zaidi na kugundua machache zaidi. Walifanya hesabu ya busara: mwalimu anajua, amenionyesha hili, basi hakuna lingine. Mtoto huwaamini walimu mno kiasi kwamba ukimya wetu juu ya yaliyobaki anausoma kuwa hakuna kilichobaki. Dawa yake ni sentensi moja: "Hili ni mojawapo. Yapo mengine ambayo sijawaambia."

Mlingoti wa bendera

Nichukue somo moja nilifungue, kwa sababu ushauri wa jumla haumsaidii mwalimu aliye na kipindi cha dakika 40. Mada ni jua na vivuli, darasa la nne au la tano. Zana ni mlingoti wa bendera, ambao karibu kila shule inao, mawe machache na chaki.

Njia ya kawaida ni kuandika ubaoni kwamba jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na kwamba saa sita mchana jua huwa juu ya utosi. Wanafunzi wananakili. Tatizo ni kwamba sehemu ya mwisho si kweli kwa siku nyingi za mwaka, na uongo huo ni mlango mzuri wa kuingilia.

Anza darasani. Uliza: mchana, kivuli cha mlingoti kikiwa kifupi kabisa, kitaelekea upande gani? Kila mmoja aandike utabiri wake kwenye daftari kabla ya kusikia wa mwenzake, kwa maana daftari humlinda mwoga. Wengi wataandika kwamba hakitakuwepo. Kisha kila mmoja amuulize mwenzake kwa nini ameandika alivyoandika. Usiseme nani amepatia. Halafu wanafunzi wa zamu waweke jiwe kwenye ncha ya kivuli wakati wa paredi, mapumziko, na kila baada ya dakika kumi kati ya saa sita na saa saba mchana. Wakatazwe kabisa kulitazama jua lenyewe, kivuli kinatosha.

Dar es Salaam mwezi Juni, kivuli kifupi kuliko vyote kitalala kuelekea kusini. Darasa litapiga kelele, na kelele hizo ziache. Desemba kitalala kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, karibu kitatoweka. Sasa maswali huja yenyewe, na ni maswali halisi: kilipita lini kutoka upande huu kwenda ule? Je, shule ya shangazi iliyoko Mtwara inaona hivi hivi? Mtwara iko kusini zaidi, kwa hiyo kivuli hutoweka huko katika nusu ya pili ya Februari na karibu tarehe 20 Oktoba. Nairobi, iliyo karibu na ikweta, ni siku chache kabla ya tarehe 20 Machi na siku chache baada ya tarehe 23 Septemba. Walimu wana makundi ya WhatsApp ambamo hupeana ratiba na mitihani; hakuna kinachozuia picha ya kivuli kutoka mkoa mwingine kupita humo. Mtoto wa darasa la tano anayelinganisha kivuli chake na cha mtoto wa Nairobi anafanya kazi ileile ya wanajimu wa kale, na atakapofundishwa mwinamo wa dunia atakuwa analipwa deni alilokuwa akilidai.

Hata hesabu, ambayo watu huiona kavu, ina milango hiyo. Waambie watoto wajumlishe namba witiri kwa vizibo vya soda: 1 na 3 ni 4, ongeza 5 upate 9, ongeza 7 upate 16. Waache wapange vizibo hivyo mezani hadi mmoja agundue kwamba kila jumla inakaa mraba kamili. Usimwahi. Atakuuliza mwenyewe kama itaendelea hivyo milele.

Darasa lenye watoto tisini

Najua pingamizi. Darasa limejaa, mada ni nyingi, azimio la kazi linasukuma, na swali moja la mtoto mmoja linaweza kula kipindi. Pingamizi hilo ni la haki. Watoto tisini hawawezi kuuliza mmoja mmoja, na mwalimu anayeahidi hivyo atachoka wiki ya kwanza. Inayowezekana ni kazi ya wawili wawili: kila jozi itunge swali moja juu ya mada, iliandike kwenye kipande cha karatasi, ikiingize kwenye boksi. Mwalimu asome machache Ijumaa, achague mawili, na mengine ayaache kwenye karatasi kubwa ukutani ili ionekane kwamba hayakutupwa. Mtoto wa nyuma asiyewahi kunyoosha mkono ataliona swali lake ukutani, bila jina. Hilo humpa nguvu kuliko sifa.

Kuhusu zawadi niwe mwangalifu. Mark Lepper na wenzake, mwaka 1973, waliwaahidi watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwamba watapewa cheti wakichora. Siku za baadaye, cheti kilipokuwa hakipo tena, watoto hao walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Ukimpa mtoto peremende kwa kila swali, atakutungia maswali ya peremende. Malipo ya swali ni kufuatiliwa.

Kuna pia lugha, na hapa Tanzania tuna kidonda chetu. Mtoto husoma miaka yote ya shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila somo, isipokuwa Kiswahili na mengine machache, linageuka Kiingereza. Swali lililo tayari kichwani linatakiwa lipitie kwanza kwenye sarufi asiyoimudu, mbele ya wenzake watakaocheka matamshi. Wengi huamua kunyamaza, na mwalimu huandika kwamba hawana ari. Mwalimu anayesema "uliza kwa lugha yoyote, tutalitafsiri pamoja" hushangazwa na wingi wa waliokuwa na la kusema. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto wa darasa la kwanza anayekuja shuleni na Kisukuma au Kimakonde tu.

Linabaki swali usilolijua jibu. Mwalimu mchanga huliogopa kuliko kitu chochote, kwa kuwa amelelewa kuamini kwamba heshima yake inakaa katika kujua. "Sijui" peke yake ni mlango uliofungwa, hilo ni kweli. Lakini "sijui, wewe unadhani nini, na tungejuaje?" ni somo zima la sayansi, na ndiyo aliyoifanya Osborne. Fundi wake wa maabara alirudi na habari kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Hata mtu wa maabara alitaka kitabu kishinde.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu lazima iyajenge kwa kila raia, na la kwanza lilikuwa akili ya kudadisi. La kwanza, kabla ya mengine. Mitaala iliyofuata imelirudia kwa maneno mengi, Tanzania na hata Kenya na mtaala wake wa umilisi. Ila mthibiti ubora wa shule anapokuja, huomba andalio la somo, azimio la kazi na madaftari yaliyosahihishwa. Mwalimu, kama mtu yeyote mwenye bosi, hufanya kile kinachokaguliwa. Ningependa mthibiti huyo akae dawati la nyuma kipindi kizima, aweke alama kwenye karatasi kila mwanafunzi anapouliza swali ambalo si la kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na hesabu hiyo iingie kwenye taarifa yake kabla ya hali ya majengo.